Tabianchi, Ardhi na Watu Wanaohama Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyasikia mara nyingi katika mikutano ya vijiji na makambi, kuanzia miteremko ya Mlima Elgon hadi Kasese na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachowawezesha Mgisu wa Elgon, Mkonzo wa Rwenzori na mgeni aliyevuka kutoka Kongo kukaa kwenye benchi moja na kuelewana. Wanaouliza ni watu waliopoteza shamba, au wanaoogopa kulipoteza, au waliowapokea ndugu waliopoteza.

Je, ni kweli kwamba mabadiliko ya tabianchi ndiyo yanayowahamisha watu?

Ni kweli, lakini mara chache sana hufanya hivyo peke yake. Mvua kubwa, ukame au ziwa lililofurika hukutana na mambo yaliyokuwepo tangu zamani: shamba dogo lililogawanywa kwa vizazi vitatu, msitu uliofyekwa, barabara isiyopitika, deni, vita, wizi wa mifugo. Ndiyo maana kaya mbili zinazopakana zinaweza kupigwa na mvua ileile, moja ikahama na nyingine ikabaki.

Hilo halimaanishi kwamba tabianchi ni kisingizio. Joto la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilikuwa limepanda kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi likilinganishwa na miaka ya 1850 hadi 1900, na kwa kila nyuzi moja inayoongezeka hewa huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo hurudi ardhini kwa kishindo, na kiangazi kinapofika joto lilelile huukausha udongo upesi zaidi. Mkulima wa kusini na kati mwa Uganda, ambaye amezoea misimu miwili ya mvua, wa kwanza kuanzia Machi na wa pili kuanzia Septemba, huliona jambo hili bila kuhitaji kipimo: mvua huchelewa mpaka mbegu zinaoza mfukoni mwa matumaini yake, kisha hunyesha yote kwa siku chache. Anayetafuta sababu moja ya kuhama kwa familia fulani hataipata. Atakuta sababu nyingi, na mvua ikiwa ndiyo iliyobomoa kile kilichokuwa kimesalia.

Nini kilitokea Bududa, na kwa nini hutokea tena na tena?

Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua ya saa nyingi, mteremko ulio juu ya kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa kwenye Mlima Elgon, ulikatika ukazika nyumba, maduka na zahanati, pamoja na watu waliokuwa wamejikinga mvua ndani yake. Miili karibu 100 ilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Juni 2012 ardhi ilikatika Bumwalukani. Tarehe 11 Oktoba 2018 Mto Suume ulishuka na mawe makubwa na matope ukaua zaidi ya watu 40. Tarehe 27 Novemba 2024 zamu ikawa ya wilaya jirani ya Bulambuli, katika kijiji cha Masugu na vingine vya karibu, ambako makumi ya watu walikufa au kupotea.

Elgon ni volkano ya kale. Mwamba wake umeoza kwa maelfu ya miaka na kuwa udongo mwekundu wenye rutuba na mfinyanzi mwingi, udongo ambao unapenda kahawa na migomba, lakini ambao ukishiba maji huwa mzito na huteleza juu ya mwamba ulio chini yake. Zamani mizizi ya msitu ilikuwa ikiushikilia. Leo miteremko mingi ina mashamba mpaka mpakani mwa hifadhi ya taifa, na ili kupata mahali pa kujenga, mwenyeji hulazimika kuchimba ubavu wa kilima na kukata mguu wa mteremko uleule unaomlinda. Huko ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi kuliko zote nchini.

Nimesikia watu wa mijini wakisema kwamba Wagisu wamejitakia. Naomba anayesema hivyo asimame siku moja kwenye shamba la robo ekari lililo juu ya nyumba ya mtu, aangalie juu aone mpaka wa hifadhi, aangalie chini aone mashamba ya watu wengine yaliyobanana hadi bondeni, kisha aonyeshe kwa kidole mahali ambapo angemwambia mwenye shamba hilo akalime.

Wanaohama huenda wapi?

Karibu. Hili ndilo linalowashangaza wengi, kwa sababu picha inayoenezwa ulimwenguni ni ya mashua iliyojaa vijana wanaovuka bahari. Aliyepoteza nyumba kwa maporomoko hulala usiku wa kwanza kanisani, msikitini au shuleni, wiki ya pili kwa shemeji, na mwezi wa tatu hukodi chumba katika kituo cha biashara kilicho umbali wa saa moja kwa miguu. Baadhi huendelea hadi Mbale, na kutoka Mbale hadi Kampala. Wanaotoka nje ya nchi ni wachache, kwa sababu safari ya mbali huhitaji fedha, na fedha ndiyo iliyozikwa.

Kampala nayo haiwapokei mahali pakavu. Mgeni asiye na kitu hutafuta muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, na vyumba vya bei nafuu viko Bwaise, Kalerwe na penginepo kando ya mifereji ambako mji humwaga maji yake yote. Mtu aliyekimbia matope ya Elgon hujikuta akiinua godoro juu ya matofali kila mawingu yanapokusanyika upande wa ziwa. Amehama kutoka hatari moja hadi nyingine, ila katika hii ya pili hulipia kodi.

Kwa nini baadhi ya waliohamishwa hurudi mlimani?

Swali hili huulizwa kwa hasira, hasa na maofisa, nami nadhani ndilo swali muhimu kuliko yote yaliyomo hapa.

Baada ya maafa ya 2010, serikali ilizihamishia mamia ya kaya za Bududa katika wilaya ya Kiryandongo, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao, na kila kaya ikapewa ekari mbili na nusu. Kwa hesabu ya karatasi, familia iliyokuwa na robo ekari ilitajirika. Lakini Kiryandongo ni nchi tambarare yenye joto, ya mahindi na mihogo. Nilimkuta bibi mmoja aliyerudi mlimani, kule Bukalasi, Bududa, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachambua kahawa juu ya turubai la msaada ambalo maandishi yake yalikuwa yamefifia.

"Bibi, si ulipewa ardhi Kiryandongo?"

"Nilipewa, mjukuu wangu. Na ni nzuri. Lakini mahindi nikiyauza, yameisha. Huu mkahawa alioupanda marehemu babu yako ndio uliosomesha watoto. Nikiwa kule, nani atauchuma? Na kaburi lake nani atalifagia?"

Alinyanyua punje moja yenye doa jeusi akaitupa kando, akaendelea na kazi. Hakuonekana kama mtu asiyejua hatari. Ufa uliokuwa nyuma ya jiko lake alinionyesha mwenyewe, akaniambia mwaka ulioanza.

Katika maneno yake yamo karibu mambo yote. Mkahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, kwa hiyo anayehama huacha akiba ya maisha yake imesimama shambani. Ardhi ya mlimani ina makaburi, na ndiko vijana wa kiume hutahiriwa katika imbalu inayofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kwa familia nyingi, kumpeleka kijana akasimame penye udongo wa watu wengine si jambo dogo. Hata chakula kina uzito wake: malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, hayaoti bondeni. Matokeo yake ni kwamba familia nyingi huishi mguu mmoja huku na mwingine kule. Wazee na watoto hubaki penye makazi mapya, na vijana hupanda mlimani msimu wa kahawa, ambao nao huangukia miezi ya mvua.

Makazi ya Bunambutye, wilayani Bulambuli, ambayo yalianza kupokea watu mwaka 2019, yalirekebisha baadhi ya makosa hayo. Yako karibu na nyumbani, familia zilijengewa nyumba zikapewa na shamba, na anayetaka kuitazama kahawa yake anaweza kwenda na kurudi. Hata hivyo, migogoro ya ardhi ilichelewesha kazi, na nafasi iliyopo ni ndogo sana ukilinganisha na idadi ya watu wanaoishi kwenye miteremko hatari. Kwa maoni yangu, anayepanga kuwahamisha watu bila kuuliza watakula nini mwaka wa pili, mgawo wa unga ukishakoma, anapanga pia kurudi kwao.

Je, kuhama kwa wafugaji wa Karamoja ni athari ya tabianchi?

Si hivyo moja kwa moja. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua usioaminika, na kwa karne nyingi Wakaramojong wameishi kwa kuifuata mvua. Kiangazi kinapokaza, vijana huondoka na ng'ombe kuelekea magharibi, hadi Teso, Lango na Acholi, na wazee, wanawake na watoto hubaki manyattani. Huko si kufukuzwa na hali ya hewa. Ni ujuzi wa kuishi nayo, na kuuita uhamaji wa kishamba ni kutokuelewa kabisa.

Shida huanza pale njia hizo zinapofungwa. Mashamba yamezingira malisho ya zamani, bunduki na wizi wa mifugo vimerudi tangu mwaka 2019, magonjwa ya mifugo huleta karantini, na mpaka wa Kenya huvukwa kwa masharti. Septemba 2019, Uganda na Kenya zilitiliana saini mjini Moroto makubaliano ya kuwaruhusu Waturkana na ndugu zao wa upande huu kushirikiana malisho na maji kwa amani. Mwaka 2023, baada ya mauaji na uvamizi, amri ya rais wa Uganda iliwataka wafugaji wa Kiturkana wasiingie na silaha, la sivyo wafukuzwe. Ukame unapokuta njia zimezibwa kiasi hicho, ng'ombe hufa, na mfugaji asiye na ng'ombe hana sababu ya kuifuata mvua tena.

Mwaka 2022, mavuno yalipokosekana na wizi ukawa umemaliza mazizi, njaa iliua watu wengi katika eneo hilo. Wanaoona athari zake Kampala mara nyingi hawajui wanachokiona: mtoto wa miaka minne au mitano, ameketi peke yake ukingoni mwa barabara juani, viganja viwili vimefunguliwa na kuelekezwa juu, hasemi neno. Wengi wa watoto hawa hutoka wilaya ya Napak. Baadhi wameletwa na mama zao, na wengine na watu wazima wanaochukua kila senti wanayopata. Kuwapakia kwenye basi na kuwarudisha, kama inavyofanywa mara kwa mara, hakufungui njia hata moja ya malisho.

Maji ya Ziwa Victoria yalipopanda mwaka 2020, nini kilitokea kwa watu wa mialoni?

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, wakati maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipokuwa na joto kuliko kawaida, ziliujaza mfumo mzima wa maziwa. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kinachoelea cha majani na udongo kilikuwa kimeziba bwawa la Nalubaale na kuizimia nchi nzima umeme. Milango ya bwawa ilipofunguliwa zaidi ili kupunguza maji, Ziwa Kyoga lililo mbele ya mkondo nalo likafurika, na upande wa magharibi watu wa Buliisa na Ntoroko walikuwa wakikimbia Ziwa Albert.

Katika mwalo mmoja upande wa Jinja, mwenye duka la mukene, wale dagaa wadogo wanaokaushwa juani, alikuwa akichora mstari wa mkaa ukutani kila asubuhi. Nilipofika, mistari ilikuwa tisa, na ule wa juu ulikuwa usawa wa kitasa cha mlango. Vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika kitambo, na watoto walikuwa wakichota maji ya kunywa hatua chache tu kutoka hapo. Serikali iliwakumbusha watu kwamba mita 200 kutoka ziwani ni eneo la hifadhi ambalo hapaswi kukaa mtu, nayo ilikuwa na haki kisheria. Lakini mvuvi hukaa hapo kwa sababu kazi yake iko hapo. Wengi walisogea nyuma mita chache, wakapanga kwa jirani, wakasubiri maji yashuke, nao wakarudi. Miaka minne baadaye ziwa likapanda tena hadi kiwango hichohicho na kukipita.

Je, mafuriko ya Kasese huletwa na kuyeyuka kwa barafu ya Rwenzori?

Hapana, ingawa nafahamu kwa nini watu huamini hivyo. Barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, na mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Kwa Wakonzo, ambao theluji ile ni makao ya mungu wao Kitasamba, hiyo ni hasara isiyopimika kwa lita. Lakini barafu iliyobaki ni kidogo mno kuweza kuujaza Mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, yaliyoiharibu hospitali ya Kilembe na kuzifukuza maelfu ya familia, yaliletwa na mvua kubwa kwenye mabonde yenye kuta zilizosimama wima. Moto uliounguza mimea ya juu mlimani mwaka 2012 hutajwa pia, kwa kuwa uliacha udongo wazi. Tena mto huo hupita kwenye mabaki ya mgodi wa shaba, hivyo matope yanayoingia mashambani hayana rutuba pekee.

Baadhi ya waliofukuzwa na mafuriko ya 2020 walikaa kwenye mahema ya Muhokya kwa miaka, si kwa wiki. Hema la turubai halikutengenezwa kuzaliwa mtoto ndani yake na kumwona akianza kutembea.

Kisheria, je, kuna "mkimbizi wa tabianchi"?

Hapana. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humlinda mtu aliye nje ya nchi yake anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mafuriko hayamtesi mtu kwa msimamo wake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao maana yake imeingizwa katika Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, huongeza anayekimbia matukio yanayovuruga sana utulivu wa umma, na baadhi ya wanasheria hudai kwamba ukame mkali uliochanganyika na machafuko unaweza kuingia humo. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2020, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika shauri la Ioane Teitiota wa Kiribati dhidi ya New Zealand, ilikubali kwamba kumrudisha mtu mahali ambapo tabianchi inatishia uhai wake kunaweza kuvunja haki zake, ingawa yeye mwenyewe alishindwa.

Kwa Mganda aliyehama ndani ya Uganda, hata hivyo, chombo chenye nguvu ni kingine, nacho kina jina la mji wetu. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa tarehe 23 Oktoba 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, hutaja waziwazi kwamba nchi zina wajibu wa kuwalinda na kuwasaidia waliohamishwa na maafa, yakiwemo ya mabadiliko ya tabianchi. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia. Tangu 2004 tuna pia sera ya taifa ya wakimbizi wa ndani, iliyozaliwa na vita vya kaskazini, ambayo huipa Ofisi ya Waziri Mkuu jukumu la kuongoza kazi hiyo. Kuna pia Sheria ya Tabianchi ya 2021. Kwa hiyo karatasi tunazo. Ninachokiona vijijini ni kwamba mtu aliyepoteza kila kitu kwa matope hajui kwamba msaada anaoupokea ni haki yake, naye huushika kwa mikono miwili kama zawadi, na ukicheleweshwa hajui wapi pa kuudai.

Kuhusu wakimbizi wa Kongo na Sudan Kusini je? Wao hukimbia vita, si mvua.

Hukimbia vita, na Uganda imepokea wakimbizi wa nchi mbalimbali zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Lakini mambo haya mawili hayatengani kirahisi. Sudan Kusini imekumbwa na mafuriko mwaka baada ya mwaka tangu 2019, na mtu wa jimbo la Unity anaweza kuwa alifukuzwa kwanza na maji, akafika mahali ambapo akafukuzwa na risasi. Anapoandikishwa mpakani huulizwa habari za risasi.

Wakishafika, tabianchi huwafuata. Nakivale iko katika ukanda mkavu wa ng'ombe. Katika makazi ya kaskazini kama Bidibidi, kaya hupewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, ambacho msimu ukiharibika hakiwezi kuilisha, na tangu mgawo wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 shamba hilo dogo limebeba mzigo lisiouweza. Kuni hutafutwa mbali zaidi kila mwaka, na katika njia hizo ndiko ugomvi na wenyeji huanzia. Wenyeji wenyewe walitoa ardhi yao. Nao wanastahili kusikilizwa wanaposema visima vinakauka.

Je, kuna wasioweza kuhama kabisa?

Wapo, na hao ndio hunikosesha usingizi. Takwimu huhesabu waliohama; aliyebaki chini ya mteremko kwa sababu hana nauli, au anamuuguza mzazi, au ni mjane anayejua kwamba akiondoka wakweze watalichukua shamba, hahesabiwi mpaka siku matope yatakapomfikia. Kuhama mapema, kwa hiari, mtu akiwa bado na mbuzi wa kuuza, ni njia mojawapo ya kujiokoa. Familia inayompeleka kijana mmoja mjini na kupokea fedha kwa simu kila mwezi huweza kuuvumilia msimu mbaya uliowashinda majirani.

Utabiri unasema nini kuhusu miaka ijayo?

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kufikia 2050 watu hadi milioni 216 katika kanda sita za dunia wanaweza kuhama ndani ya nchi zao kwa sababu ya tabianchi, hadi milioni 86 kati yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Hizo ni hesabu za hali mbaya kuliko zote, na ripoti hiyohiyo ilisema zinaweza kupungua kwa hadi asilimia 80 hatua zikichukuliwa mapema. Nawasihi wanaozinukuu wainukuu na sehemu hiyo ya pili.

Nani anapaswa kulipa?

Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya gesi joto zinazotolewa duniani, na sehemu ya Uganda humo ni ndogo mno. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka uliofuata. Ahadi zilizowekwa humo mpaka sasa ni ndogo sana mbele ya mahitaji. Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba wajibu wote uko ng'ambo: kugawa vibali vya kujaza vinamasi udongo na kujenga juu yake hakukuamuliwa Ulaya.

Nimeona ufa mpya juu ya shamba langu. Nifanye nini?

Usisubiri. Ufa unaopanuka baada ya mvua, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi inayotokea ghafla au inayotoa maji ya matope, na milango ya nyumba inayoanza kukwama bila sababu ni dalili kwamba ardhi inatembea. Mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, na majirani wote walio chini yako, kwa kuwa wao ndio watakaofikiwa kwanza. Wakati wa ukavu jazeni ufa kwa udongo na kuushindilia, na chimbeni mtaro wa kuyaelekeza maji pembeni. Mvua ikinyesha kwa saa nyingi mfululizo, hameni kabla ya giza, mkienda kando ya mteremko na si chini kufuata bonde la mto, kwa maana matope hupita njia hiyohiyo.

Tumeambiwa tutahamishwa. Tuulize nini kabla ya kukubali?

Ulizeni kwanza hati ya ardhi mpya itaandikwa jina la nani, na kama mke ataandikwa pamoja na mume. Nimewaona wajane waliofukuzwa katika nyumba walizopewa kwa jina la marehemu. Ulizeni kama ardhi hiyo ina mdai mwingine, na muombe kuwaona majirani wa pale kabla ya kuhamia. Ulizeni maji yako umbali gani, shule ina madarasa mangapi na walimu wangapi, na zahanati iko wapi. Ulizeni shamba mnaloliacha litakuwa la nani, kama mtaruhusiwa kuchuma kahawa iliyosimama mpaka mpya izae, na nani atagharimia miche. Ulizeni habari za makaburi. Muombe majibu yaandikwe na kusomwa hadharani kwa lugha ambayo kila aliyepo anaielewa, kisha mwenyekiti wa kijiji abaki na nakala moja na nyingine ikae kwa mwanamke mmoja atakayechaguliwa na mkutano.